Pasipoti Huisha Kabla ya Tarehe Yake

Kwa mtu aliyekulia Kyela, nchi ya nje si jambo la kutisha. Ukisimama Kasumulu unaiona Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, na ukivuka daraja unakuta watu wanaokusalimu "Ugonile" kama nyumbani. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga wameoana na kuzikana tangu kabla Waingereza na Wajerumani hawajakubaliana, mwaka 1890, kuufanya mto huo kuwa mpaka. Mto wenyewe haujawahi kuuheshimu mkataba ule. Mafuriko makubwa yakija hujikatia njia mpya kwenye tambarare, na shamba lililolala Tanzania likaamkia upande wa pili. Kuutuliza mto huo usihamehame ni moja ya kazi za Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, chombo cha nchi zote mbili chenye makao yake hapa hapa Kyela.

Mazoea haya ya ujirani ni mazuri, lakini yana hasara moja. Yanamfanya mtu aione pasipoti kuwa kitambulisho cha kupitia mlangoni: alimradi tarehe ya mwisho haijafika, anahesabu kwamba ana pasipoti. Siku atakapotaka kwenda mbali zaidi ya Karonga, kumpeleka mgonjwa India, kununua bidhaa Guangzhou, kuhiji Makka au kumfuata mwanawe Johannesburg, atagundua kwamba tarehe iliyoandikwa pale si ya kuitegemea.

Pasipoti ya kawaida ya Tanzania hudumu miaka 10. Ila nchi nyingi hazimpokei mgeni mpaka siku ya mwisho ya miaka hiyo. Zinataka pasipoti iwe bado na uhai wa miezi sita. Falme za Kiarabu zinataka hivyo, Saudi Arabia vilevile, China na India pia, na majirani zetu Malawi na Zambia wameiandika katika masharti yao. Hata sisi wenyewe tunawadai wageni wetu sharti hilo. Mwenye nyumba ya wageni pale Matema atakuwa amemtendea wema Mzungu anayemwandikia kutoka kwao akimkumbusha aangalie tarehe zake kabla hajaanza safari.

Sharti hili lina sababu. Mgeni anaweza kulazwa hospitali wiki nane alizokuwa hakuzipanga. Anaweza kukamatwa, kuibiwa, au kukwama kwa sababu ndege hazipai. Machi 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, watu waliokwenda kwa wiki mbili walikaa miezi. Hakuna serikali inayotaka kubaki na mtu ambaye hati ya kumrudisha kwao imekwisha muda akiwa mikononi mwake. Miezi sita ni akiba ya mwenyeji dhidi ya mambo kama hayo.

Penye utata ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Nchi nyingine huhesabu tangu siku unayoingia, nyingine tangu siku unayoondoka, na tofauti hiyo inaweza kukuangusha. Chukua mfano wa mtu anayempeleka mzazi wake kutibiwa. Anaingia nchi ya watu Machi 10 na kupanga kurudi Mei 10, na pasipoti yake inaisha Oktoba 1 mwaka huo huo. Ukihesabu kutoka siku ya kuingia, ana miezi sita na siku 21, amepona. Ukihesabu kutoka siku ya kuondoka, ana miezi minne na siku 21, hafai. Ushauri wangu ni kuhesabu daima kutoka siku unayotarajia kurudi, kisha uongeze mwezi mmoja wa tahadhari. Ukifanya hivyo hutahitaji kujua nchi ipi inaanzia wapi.

Zipo nchi zenye kipimo kingine. Afrika Kusini inataka siku 30 baada ya tarehe uliyopanga kuondoka. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen, kama Ujerumani, Ufaransa na Italia, zinataka miezi mitatu baada ya kuondoka, tena pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Uingereza hutosheka pasipoti ikiwa hai kwa muda wote wa ziara. Lakini sikushauri ujikamue katika vipimo hivi vidogo. Anayekwenda London kwa ndege ya kubadilisha Doha au Dubai ana nchi mbili za kuridhisha, na safari ikiharibika njiani ataingia mji ambao hakuupanga. Miezi sita baada ya kurudi inakutosheleza karibu kila mahali.

Sasa chukua pasipoti yako uone ilitolewa lini. Pasipoti za kielektroniki, zile za Afrika Mashariki tunazotumia sasa, zilizinduliwa na Rais Magufuli Januari 31, 2018, na za zamani zikapewa miaka miwili ya kuondoka. Kwa hiyo watu wengi walibadilisha kati ya 2018 na mwanzoni mwa 2020, na pasipoti zao zitakwisha karibu kwa pamoja, kuanzia 2028 hadi 2030. Mwenye pasipoti iliyotolewa Machi 2018 asijidanganye kwamba anayo hadi Machi 2028. Kwa nchi ya miezi sita, mwisho wake ni Septemba 2027. Wale watakaosubiri mpaka tarehe iliyoandikwa ndio watakaokutana kwenye foleni ndefu, na foleni ya Uhamiaji haitajali kwamba msiba umetokea Lilongwe.

Jambo la pili, ambalo watu wa mpakani wanapaswa kulijua kuliko Mtanzania mwingine yeyote, ni kurasa. Pasipoti inaweza kufa kwa kujaa huku tarehe ikiwa bado mbali. Safari moja ya Karonga na kurudi ina mihuri minne: wa kutoka Kasumulu, wa kuingia upande wa Malawi, wa kutoka huko, na wa kurudi kwetu. Mfanyabiashara anayevuka kila wiki hugongewa mihuri zaidi ya 200 kwa mwaka. Hata maafisa wakiwa wachumi na kubana minne katika kila ukurasa, hiyo ni zaidi ya kurasa 50 kwa mwaka mmoja. Hakuna pasipoti ya kawaida itakayomfikisha mtu huyo mwaka wa kumi.

Na anayekwenda Johannesburg kwa basi kupitia Malawi, Msumbiji na Zimbabwe? Hesabu naye: miwili ya Tanzania, minne ya Malawi kwa kwenda na kurudi, minne ya Msumbiji, minne ya Zimbabwe, miwili ya Afrika Kusini. Safari moja, mihuri 16. Akiwa na bahati mbaya ya kukutana na afisa anayependa kufungua ukurasa mpya kila mara, kurasa zinateketea.

Kujaa kwa kurasa kunaleta shida ya aina yake, kwa sababu viza ya kubandika hula ukurasa mzima, na nchi nyingi zinataka ukurasa mtupu kabisa, mmoja au miwili. India, kwa mfano, inataka miwili. Ukurasa wenye muhuri mmoja pembeni hauhesabiwi kuwa mtupu, na kurasa za mwisho ambazo hazikuwekwa kwa ajili ya viza hazihesabiwi pia. Kwa hiyo mtu anayevuka Songwe mara kwa mara ajifunze kusema kwa adabu, akiwa ameishika pasipoti wazi mahali anapopataka: "Afande, naomba unigongee hapa hapa penye mingine." Uamuzi ni wa afisa, lakini wengi hawana shida na ombi hilo likija kwa heshima na kabla ya muhuri kushuka. Ukiomba baada ya muhuri, unampotezea muda. Chagua pia kurasa mbili zinazotazamana katikati ya kitabu, uziache kama akiba. Usizibane kwa pini wala stepla. Pasipoti ya sasa ina chipu ndani, na kuitoboa au kuikunja ni kuiharibu.

Kwa kuwa nimetaja uharibifu, niseme neno moja kuhusu maji. Kyela ni nchi ya mvua. Kuanzia Machi hadi Mei, udongo, kuta na godoro vyote vina unyevu, na watu wa mwambao husafiri kwa mitumbwi na boti. Pasipoti iliyolowa ikavimba, au ambayo ukurasa wenye picha umeanza kubanduka, inaweza kukataliwa hata ikiwa na miaka saba mbele. Mfuko wa plastiki unaofungika vizuri hauzidi bei ya soda. Uinunue.

Turudi Kasumulu. Wapo wanaoamini kwamba kitambulisho cha NIDA kinatosha kuvukia kwa sababu wamesikia Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wakitembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Huo ni utaratibu wa nchi hizo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Malawi haimo katika jumuiya hiyo. Sisi na Malawi tunakutana SADC, na Mtanzania anaingia Malawi bila viza, lakini kutodaiwa viza hakumaanishi kutodaiwa hati. Asiye na pasipoti na ana safari ya haraka nchi jirani aulize ofisi ya Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari. Ni nafuu kuliko pasipoti na inamfaa anayevuka kwa jambo la familia. Na yeyote aliyeruhusiwa kuingia aisome tarehe na idadi ya siku ndani ya muhuri wake. Siku ulizopewa ndizo ulizo nazo, hata kama pasipoti ina miaka tisa mbele.

Kuna wanaokwepa haya yote kwa kupita njia za panya. Songwe wakati wa kiangazi huvukika kwa miguu mahali pengi, na boti ziko tele. Sitahubiri. Nitasema tu yanayotokea baadaye. Mtu aliyeingia Malawi bila muhuri hana njia ya kuendelea mbele kihalali, kwa sababu afisa wa mpaka unaofuata atautafuta muhuri wa kuingia na hatauona. Akitaka kurudi kwa daraja, ataulizwa alitokaje. Na mpaka wetu huu unaangaliwa kwa jicho kali kwa sababu ni njia ya muda mrefu ya wasafirishaji wa binadamu wanaopeleka vijana wa Ethiopia kusini. Bibi wa watu aliyekwenda kwenye arusi anajikuta katika msako usiomhusu. Vishoka wanaokuahidi kukugongea muhuri bila wewe kufika dirishani ni balaa zaidi. Muhuri wa kughushi hukaa katika pasipoti yako mpaka siku utakapoomba viza ya nchi yenye mashaka, na hapo hutakuwa na la kueleza.

Meli za Ziwa Nyasa zina habari tofauti. Anayepanda MV Mbeya II kutoka upande wa Kyela kwenda Mbamba Bay anasafiri ndani ya Tanzania, hahitaji pasipoti kwa safari hiyo. Tanzania na Malawi wamebishana miaka mingi juu ya mpaka ndani ya ziwa, wao wakisema uko ufukweni kwetu na sisi tukisema uko katikati ya maji, lakini ubishi huo haujawahi kumdai abiria wa Manda au Liuli hati yoyote. Ukitoka Mbamba Bay kuvuka kwenda Nkhata Bay, hapo umekwenda nje ya nchi, na kila nilichosema kuhusu mihuri kinakuhusu.

Wengi wanafikiri mtu wa kumwogopa ni afisa wa uhamiaji wa nchi wanayokwenda. Kwa anayesafiri kwa ndege, anayekukatalia kwanza ni karani wa shirika la ndege, hapo hapo Dar es Salaam, huku begi lako likiwa juu ya mizani. Mashirika ya ndege hutumia mfumo wa IATA unaoitwa Timatic, wenye masharti ya kila nchi. Karani anaingiza uraia wako, tarehe ya pasipoti na unakokwenda, mfumo unajibu. Shirika likimbeba abiria asiyetimiza masharti, linaweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Kwa hiyo karani hana sababu ya kukuonea huruma, na hana mamlaka nayo. Wewe umetoka Kyela kwa basi, zaidi ya kilomita 900, umelala safarini au umelipa ndege kutoka uwanja wa Songwe, na tiketi uliyonunua kwa bei ya chini huenda hairudishiwi fedha. Ikiwa una kigugumizi kuhusu tarehe zako, lipigie shirika hilo simu kabla ya kulipa, uwaulize wanachokiona kwenye mfumo wao. Kisha uulize ubalozi wa nchi unayokwenda. Majibu mawili yakilingana, lipa. Binamu aliyekwenda Dubai miaka mitano iliyopita si chanzo cha kutegemea, hata kama alipita vizuri.

Mpangilio wa mambo nao una maana. Watu hukata tiketi kwanza, wakaomba viza, halafu wakaishtukia pasipoti. Anza na pasipoti. Viza za siku hizi zinazotumwa kwa barua pepe hubeba namba ya pasipoti, na pasipoti mpya huja na namba mpya. Ukibadilisha katikati, umejitengenezea maelezo ya kutoa kila dirisha. Mwenye viza ya Marekani ambayo bado hai ndani ya pasipoti iliyokwisha asiitupe ile ya zamani. Wamarekani humruhusu msafiri kubeba zote mbili, ya zamani kwa ajili ya viza na mpya kwa ajili ya safari. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa ahakikishe tiketi inafuata jina la kwenye pasipoti, si la kwenye kadi ya arusi.

Pasipoti haiongezwi muda. Inapokaribia mwisho, unaomba nyingine kama ulivyoomba ya kwanza. Ada ya pasipoti ya kawaida iliwekwa Sh 150,000 tangu mwanzo wa mfumo huu: 20,000 ya fomu na 130,000 ya pasipoti yenyewe. Hakikisha kiwango cha siku hiyo kwenye tovuti ya Uhamiaji kabla hujalipa. Maombi hujazwa mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unachapisha fomu na kwenda nayo ofisini pamoja na viambatanisho ili uchukuliwe alama za vidole. Fedha ziende kwa ile namba ya malipo peke yake, usimkabidhi mtu mkononi.

Ugumu kwa watu wetu mara nyingi hauko kwenye ada, uko kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa chako kinahitajika, na uthibitisho wa uraia wa mzazi, na hapo ndipo wazee wa Ipinda na Ngonga waliozaliwa mikononi mwa wakunga wa jadi wanapokwama. Jina kwenye cheti likiwa na herufi moja tofauti na lile la NIDA, ofisi itakurudisha. Kurekebisha hayo huchukua muda mrefu kuliko pasipoti yenyewe. Kwa sababu hiyo simshauri mtu wa Kyela asubiri mpaka apate safari. Uanze kukusanya karatasi mpunga au kakao inapouzwa na fedha ziko ndani, maana mwezi wa Februari hutaipata laki na nusu bila kukopa.

Watoto wana pasipoti zao wenyewe, na tarehe zao haziendi sambamba na za wazazi. Familia huikagua ya baba na mama, ikasahau ya mtoto wa mwisho, na safari nzima ikavunjika kwa ajili yake. Ziweke zote mezani kwa pamoja na mzisome moja moja kwa sauti.

Ikiwa pasipoti yako ina chini ya mwaka mmoja mbele, au imebakiwa na chini ya kurasa nne tupu, na unajua kuna safari inayokuja, usingoje. Nenda ofisi ya Uhamiaji wiki hii, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba utasafiri.